Kobalti Unayoichimba Ilipikwa Wapi?



Sifa zote njema ni za Allah, Muumba wa mbingu na ardhi na vyote vilivyomo baina yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ammaa baad.

Ndugu Waislamu, Ijumaa moja baada ya swala, kijana alinisubiri mlangoni pa msikiti wetu hapa Lukafu. Ni mchimbaji, mikono yake peke yake inasema. Aliniamkia kwa heshima, kisha akaniambia: “Baba Imamu, kule tunakochimba kila timu imeambiwa itoe kuku mweupe na pesa, mzee mmoja apeleke kwa mwenye mlima. Wanasema mwenye mlima amekasirika, ndiyo maana jiwe limekimbia. Mimi nikikataa, wenzangu watasema ni mimi ninayelifukuza. Nifanye nini?”

Nilimjibu jambo ambalo alikuwa analijua tayari: kumchinjia asiyekuwa Allah ni shirki, na shirki haina kuku mdogo wala mkubwa. Akaitikia. Lakini hakuondoka. Akauliza la pili: “Sawa, Baba. Sasa kama si mali ya mizimu, hii kobalti ilitoka wapi? Nani aliiweka pale chini?”

Kusema “Allah ndiye aliyeiweka” ni jibu la kweli, naye analiamini. Ila kijana yule alikuwa anauliza njia. Alitaka neno la kumpa mwenzake shimoni, mita nyingi chini ya ardhi, pale ambapo hofu ni nyingi na taa ni ndogo. Mimi nilisoma chuoni, sikusoma maabarani. Imenibidi niulize walimu wa sayansi, nisome, niulize tena. Somo hili ndilo jibu langu kwake, na kwa kila aliye na mwana au ndugu shimoni.

Tuanze na moto wa nyumbani. Mama anapopika juu ya mbabula, maji yenye chumvi yakimwagikia makala, ulimi wa moto hugeuka manjano. Hiyo ni rangi ya sodiamu iliyomo katika chumvi. Na wale wanaochoma nyaya za umeme ili plastiki itoke wabaki na mukuba, wote tumeuona moto wao: ni wa kijani, na pembeni una buluu. Hiyo ni rangi ya mukuba. Kila kitu cha asili, ambacho watu wa sayansi wanakiita elementi, kikipata joto la kutosha kinatoa rangi zake, na hakiazimi rangi za kingine.

Mwaka 1859 na 1860, huko Heidelberg, Ujerumani, wataalamu wawili, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen, waliupitisha mwanga wa moto kama huo katika kioo chenye pembe tatu. Mwanga ukatawanyika kama upinde wa mvua, na ndani yake wakaona mistari. Sodiamu ina mistari yake, chuma kina mistari yake, na mukuba vivyo hivyo. Sisi tuliosoma kwa mbao za chuoni tunaelewa haraka: mwalimu alikuwa akiokota ubao wowote ulioachwa chini, anatazama mwandiko tu, anaita jina la mwenyewe. Haikumhitaji kumwona aliyeandika.

Mjerumani mwingine, Joseph Fraunhofer, alikuwa amekwisha kuona mwaka 1814 kwamba mwanga wa jua nao una mistari, zaidi ya 500, ila ni mistari myeusi. Kirchhoff ndiye aliyefahamu maana yake. Mvuke unaolizunguka jua unameza rangi zilezile ambazo ungezitoa kama ungekuwa moto wenyewe. Kwa hiyo mstari mweusi ni mwandiko uleule, ila umeandikwa kwa kukosekana. Tangu hapo mwanadamu akaweza kusema jua lina chuma na sodiamu bila kutoka duniani. Kisha wakageuza vioo vyao kwenye nyota.

Mwaka 1925 mwanamke mmoja, Cecilia Payne, alionyesha kwamba nyota karibu zote ni hidrojeni na heliamu, gesi mbili nyepesi kuliko zote. Ukipima jua letu, katika kila kilo 100 chini ya kilo 2 tu ndizo za vitu vingine vyote: kaboni, oksijeni, chuma, mukuba, kobalti na vingine. Hapo ndipo swali la kijana wetu lilipofika kwa wataalamu: hizo kilo chache zilitoka wapi?

Jibu waliloliandika kwa urefu mwaka 1957 watu wanne, Margaret Burbidge na mumewe Geoffrey Burbidge, William Fowler na Fred Hoyle, ni kwamba nyota ni jiko. Ndani yake joto na mgandamizo vinaiunganisha hidrojeni kuwa heliamu, na muungano huo ndio unaotoa mwanga na joto. Nyota ikiwa kubwa sana, heliamu inapikwa kuwa kaboni, na mapishi yanaendelea: oksijeni, silikoni, mpaka kufikia chuma. Kila hatua ni fupi kuliko iliyotangulia. Hidrojeni hudumu mamilioni ya miaka, lakini silikoni inakwisha kwa siku chache.

Na chuma ndicho kikomo. Kuunganisha chuma hakutoi joto, bali kunakula joto. Ni kama jiko ambalo makala yake yamegeuka mawe. Moyo wa nyota hauna tena nguvu ya kuubeba uzito ulio juu yake, na unaporomoka kwa muda usiofika sekunde moja. Mporomoko huo unaleta mlipuko unaoitwa supanova, na nyota hutawanya angani karibu kila ilichokipika. Chuma na kobalti nyingi huzaliwa katika milipuko ya namna hii. Mukuba kwa sehemu kubwa unapikwa polepole ndani ya nyota kubwa kabla hazijafa, kisha mlipuko unautupa nje. Iko pia supanova ya aina nyingine, inayotokana na nyota ndogo iliyokufa kisha ikawaka upya, nayo inatoa chuma kingi zaidi.

Utasema: Baba Imamu, nani alikuwako akaona? Swali zuri. Kwa jambo hili ushahidi upo, tena ni wa kobalti yenyewe.

Usiku wa tarehe 23 kuamkia 24 Februari 1987, nyota ililipuka katika wingu la nyota lililo upande wa kusini wa mbingu, jirani na kundi letu la nyota. Mtu mmoja aitwaye Ian Shelton, aliyekuwa akifanya kazi kwenye darubini huko Chile, aliiona katika picha yake, kisha akatoka nje akaiona kwa macho. Iko mbali kiasi kwamba mwanga wake ulisafiri zaidi ya miaka 160,000 kutufikia. Saa chache kabla ya mwanga, mitambo iliyofukiwa ardhini huko Japani, Marekani na Urusi ilinasa chembe ndogo mno zilizotoka katika moyo ulioporomoka. Zilikuwa kama ishirini na kidogo tu, katika mitambo yote kwa pamoja. Nyota hiyo waliiita 1987A.

Iliendelea kung’aa zaidi mpaka mwezi wa Mei. Nanyi mnajua mbingu yetu ya Katanga mwezi wa Mei, mvua zimekwisha na hewa ni safi. Ilikuwa chini upande wa kusini baada ya Magharibi. Mimi wakati huo nilikuwa kijana wa chuoni, na kila jioni nilitoka nje kutia udhu. Huenda niliiangalia, Allah ndiye ajuaye. Hakuna aliyetuambia.

Sikilizeni sasa lililotokea baadaye. Moto wowote ukizimika, unategemea upoe upesi. Nyota hii haikupoa hivyo. Kwa miezi mingi mwanga wake ulipungua kwa kipimo kimoja: kila siku 77 ilibaki karibu nusu. Na siku 77 ni kipimo kinachojulikana maabarani. Ni muda ambao kobalti ya namna moja, inayoitwa kobalti-56, inachukua ili nusu yake igeuke kuwa chuma. Mlipuko ulitengeneza nikeli kwanza. Nusu ya nikeli hiyo hugeuka kobalti kwa siku 6 tu, na kobalti hugeuka chuma polepole huku ikitoa nguvu. Nguvu hiyo ndiyo iliyokuwa inaiwasha nyota iliyokufa. Kisha setilaiti ya Marekani iliyorushwa kulitazama jua ikanasa miale ya gama yenye alama ya kobalti hiyohiyo. Mwandiko ukasomwa, na mwenye ubao akajulikana.

Wakapiga hesabu ya kiasi chake. Nikeli iliyogeuka kuwa kobalti ile ilikuwa na uzito wa dunia yetu mara zaidi ya elfu ishirini. Wewe unayehesabu magunia, na malori yanayopanga mstari Kasumbalesa, hesabu na hiyo.

Lakini tusichanganye mambo. Kobalti-56 haidumu, ile ya mwaka 1987 yote imekwisha kuwa chuma. Unayoichimba wewe ni kobalti-59, ambayo haigeuki wala haipungui. Wala haikutoka katika nyota ile ya 1987. Ilitoka katika nyota nyingine, nyingi, zilizokufa kabla ya dunia yetu kuwako, na dunia ina umri wa miaka bilioni 4 na nusu hivi. Vumbi lao likachanganyika na gesi, na katika mchanganyiko huo likatokea jua, na dunia, na milima, na mimi na wewe. Chuma kilichomo katika damu yako ni cha chungu hichohicho.

Hilo nalo lina mashahidi. Nyota zilizozaliwa zamani sana zina metali kidogo, kwa sababu wakati ule majiko yaliyokwisha kupika yalikuwa machache. Waliokuja baadaye wamekuta akiba kubwa zaidi. Mwaka 2014 wataalamu wa Australia walitangaza nyota, yenye jina gumu SM 0313-6708, ambayo mistari ya chuma haikuonekana kabisa katika mwanga wake. Chuma chake, kama kipo, hakifiki sehemu moja katika milioni kumi ya kile cha jua. Wanaona kwamba ilitokana na mabaki ya supanova moja tu. Na mwaka 2001 kundi la Roger Cayrel, Mfaransa, lilisoma katika nyota nyingine kongwe mstari wa urani. Urani hupungua kwa kipimo kinachojulikana, basi wakalinganisha kilichobaki, wakakadiria nyota hiyo ina umri wa miaka bilioni 12 na nusu, na makosa ya bilioni 3 huku au huku.

Urani! Hapa Katanga neno hilo si geni. Shinkolobwe, karibu na Likasi, iligunduliwa mwaka 1915, na jiwe lake ndilo lililotumika kwa sehemu kubwa katika bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945. Mwaka 2004, mgodi ukiwa umekwisha kupigwa marufuku, ukaporomoka juu ya vijana waliokuwa wakichimba kobalti humo, na baadhi yao wakafa. Allah awarehemu waumini miongoni mwao. Urani haipikwi katika jiko la kawaida la nyota. Inahitaji mvua kali ya chembe ziitwazo nyutroni, na tarehe 17 Agosti 2017 wataalamu waliona mahali mojawapo inaponyesha: mizoga miwili ya nyota, kila mmoja ni masalia ya supanova ya zamani, ikigongana. Katika mwanga wa mgongano ule walikuta baadaye mwandiko wa stronti, mojawapo ya metali nzito zinazotengenezwa kwa njia hiyo.

Nafika mahali ambapo ninawaomba utulivu. Wako wahubiri, na kaseti zao tumezisikia miaka mingi, wanaosema Qur’ani iliyataja haya yote, kwa kuwa katika Suratul Hadid, aya ya 25, Allah anakitaja chuma kwa neno la kuteremsha. Nami nilifurahi nilipolisikia mara ya kwanza. Lakini mwanafunzi wa chuo anajua kwamba neno hilohilo limetumika kwa wanyama wa kufugwa katika Suratuz Zumar, aya ya 6, na kwa mavazi katika Suratul A’raf, aya ya 26. Hakuna aliyewahi kuona ng’ombe akishuka kutoka mawinguni. Wafasiri wengi wa zamani walilifahamu kwa maana ya kuumba, kujaalia na kuneemesha. Mwenye kuona ajabu kwamba chuma kweli kilitoka juu, na aone, moyo wake ushukuru. Ila asiifanye aya kuwa kitabu cha maabara. Sayansi hujirekebisha kila baada ya miaka. Je, siku ikijirekebisha, utamwambia mwanao nini kuhusu aya? Ushahidi wa nyota unasimama kwa miguu yake, na Qur’ani haihitaji kuegemezwa.

Kosa la pili ni la upande mwingine, nalo ni la zamani. Mwaka 1006, sawa na 396 Hijria, ilionekana supanova iliyong’aa kuliko zote zilizoandikwa katika historia. Ali ibn Ridwan, tabibu wa Misri, aliiona akiwa kijana anayeanza masomo, na baadaye akaandika mahali pake mbinguni na ukubwa wake kwa uangalifu mkubwa; alisema mwanga wake ulizidi kidogo robo ya mwanga wa mwezi. Maandishi yake yamewasaidia wataalamu wa siku hizi kuyapata mabaki yake, na humo wamesoma silikoni, oksijeni na chuma. Huyo ni Mwislamu wa kujivunia. Lakini huyohuyo aliifunga nyota na vita na njaa za wakati wake, kama walivyofanya wanajimu. Jicho lake lilikuwa zuri kuliko hukumu yake.

Naye alikuwa na mafundisho mbele yake. Alipofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa siku ileile, na watu wa Madina wakasema limepatwa kwa msiba huo. Mtume, na huzuni yake yote ya mzazi, aliwakatalia: jua na mwezi ni alama mbili za Allah, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Angenyamaza tu, watu wangezidi kumtukuza. Hakunyamaza.

Basi turudi shimoni. Jiwe lilikimbiaje? Kobalti na mukuba vililetwa katika tabaka za mawe yetu na maji yenye chumvi yaliyopita chini ya ardhi zamani sana. Kisha, miaka milioni mia tano na zaidi iliyopita, nchi hii ilikunjwa na kuvunjwa. Tabaka zenye madini zilikatika vipandevipande, kama sahani iliyoanguka, na vipande vikabaki vimelala kombo ndani ya mawe mengine yasiyo na kitu. Wajiolojia waliozunguka Katanga wanajua hili tangu zamani. Ndiyo maana unafuata jiwe zuri leo, kesho linakwisha ghafla kama limekatwa kwa kisu. Limekatwa kweli, ila kabla hajakuwako mtu, wala mzimu wa mtu, wa kulikasirikia timu yako. Kipande kingine huenda kipo mita kumi kando. Kuku hakitafuti, anayekitafuta ni mwenye kujua mawe. Na ukuta ukitoa sauti au vumbi likianza kudondoka, toka, wala usingoje kuuliza nani amekasirika.

Kijana wangu, wenzako wakikuambia mlima una mwenyewe, waambie ndiyo, unaye. Lakini mlima wenyewe ni mgeni kwa hiyo kobalti. Kobalti ilikuwako kabla ya mlima, kabla ya Lufira kutiririka, kabla ya jua kuwaka. Huyo mzee anayepokea kuku alizaliwa juzi.

Tumeafikiana kwamba Jumanne, in shaa Allah, nitakwenda naye kuzungumza na timu yake. Pesa ya kuku tumeiomba inunue kamba mpya, kwa kuwa ya zamani nimeiona na imechakaa. Mwenye uwezo wa kuongeza chochote aonane na mweka hazina baada ya swala.

Na atakayetaka kuona kwa macho: kuanzia Desemba mpaka Aprili, baada ya Isha, penye giza na mbingu safi, tazama kusini uitafute Suheyl, nyota ing’aayo kuliko zote za upande huo. Chini yake, ukielekea kusini zaidi, kuna wingu dogo jeupe lisilosogea na upepo. Humo ndimo ilimolipuka ile ya 1987.

Wallahu aalam.

(Karatasi hii ina jina la Allah. Ukimaliza kuisoma mpe mwenzako, usiitupe wala usifungie bidhaa.)